Taji la Jua na Uaminifu wa Shahidi

Katika likizo yangu iliyopita nilijaliwa kufika Lushoto, na jioni moja ndugu zetu wa huko wakanitaka niseme nao machache juu ya kuwapo kwa Mwenyezi Mungu. Tulikutana nyumbani kwa ndugu mmoja, watu wapatao ishirini, na miongoni mwao walikuwamo wageni wasio wa Jumuiya yetu. Nilisema mengi. Lakini katika hayo lilikuwamo jambo moja nililolifurahia mno nilipokuwa nikilisema, na hilo ndilo lililonipatia aibu.

Nilisema hivi: "Litazameni jua. Uso wake una joto la nyuzi kama 5,500 za sentigredi. Lakini ile hewa nyembamba inayolizunguka, ambayo iko mbali zaidi na tanuri la ndani, ina joto la nyuzi milioni moja na zaidi. Mtu akitoka jikoni kwenda uani hupata baridi. Huko juani ukitoka jikoni ndipo unapoungua! Wataalamu wameshindwa kulieleza jambo hili. Basi ni nani alitendaye kama si Mwenyezi Mungu?" Watu wakasema, "Subhanallah!" nami nikaketi nimeridhika na nafsi yangu.

Kikao kilipokwisha alinisogelea kijana mmoja, mwalimu wa sayansi, aliyelelewa katika kanisa la Kilutheri, ambaye kwa muda wa mwaka mzima amekuwa akivisoma vitabu vyetu bila ya kuharakisha kusema ndiyo wala siyo.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, Mwalimu."

"Sheikh, nimeyasikiliza maneno yako, na mengi yamenigusa. Ila lipo moja linalonitatiza. Wakiijua kesho sababu ya joto lile, huyu Mungu uliyetuonyesha leo atakuwa ameondoka?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Nilimwomba kesho yake twende pamoja Irente tukazungumze kwa nafasi, naye akakubali. Makala hii ni matunda ya mazungumzo yale, pamoja na yale niliyojilazimisha kuyasoma baada ya kurejea chuoni. Maana niliona haifai mtu asimame mbele ya watu kulishuhudia jambo asilolijua, hata kama anachokishuhudia ni cha kweli.

Tulipofika Irente ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka. Aliyesimama pale kwenye ukingo wa mwamba anajua jinsi dunia inavyokatika ghafula miguuni pake: nyuma yako ni milima ya Usambara na baridi yake, na chini kabisa, mbali, nyika ya Mazinde na Mombo imetandikwa kama mkeka, pamoja na mashamba ya mkonge na barabara kuu. Upande mmoja wa nyika moshi ulikuwa ukipanda. Nikaona nimepata pa kuanzia. Nikamwambia kwamba Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa mjini Lahore mwezi wa Desemba 1896, alizieleza daraja tatu za yakini kwa mfano wa moto: mtu huona moshi kwa mbali akajua kuwa pana moto, kisha huusogelea akauona moto wenyewe kwa macho, kisha huingiza mkono wake humo, wala hapo hahitaji tena kuelezwa na yeyote.

Mwalimu akautazama ule moshi kwa muda, akasema: "Na kama lile ni vumbi la lori?"

Hakusema kwa kejeli. Swali lake lilikuwa la haki, na katika elimu ya jua hilo ndilo lililotokea hasa.

Hewa ile inayolizunguka jua huitwa korona, yaani taji. Kila siku iko pale, lakini nuru ya jua lenyewe huifunika, kama vile mchana unavyozifunika nyota. Tangu zamani wanadamu waliiona kwa dakika chache tu, jua linapopatwa kabisa na mwezi ukaufunika uso wake wote. Ndipo hutokea duara jeusi lililozungukwa na nuru nyeupe yenye miali kama nywele. Afrika Mashariki imejaliwa kuliona jambo hili. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli cha mwezi kilipita kaskazini ya Kenya, na wataalamu kutoka nchi za mbali wakapiga kambi Loiyangalani, kando ya ziwa ambalo leo huitwa Turkana, katika joto na upepo wa jangwa, kwa ajili ya dakika chache hizo. Wengine siku ileile walipanda ndege ya Concorde, wakakimbizana na kivuli angani juu ya Afrika wakakaa ndani yake dakika 74. Kisha tarehe 16 Februari 1980 kivuli kingine kikazivuka Tanzania na Kenya. Wazee wa Lushoto wanaikumbuka siku ile mchana ulipofifia juu ya milima yao. Mwenyeji wangu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto, aliniambia kwamba kuku waliingia bandani.

Sasa, mtu atajuaje kitu kile kimeumbwa kwa nini, hali hawezi kukifikia wala kukigusa? Hukijua kwa nuru yake. Anayepanda kwa basi kutoka Mombo hupita Soni, penye maporomoko ya maji. Na jua likiwa mgongoni pake huweza kuuona upinde wa mvua ndani ya manyunyu yale. Maji yameichambua nuru nyeupe yakaitandaza rangi zake kwa safu, tangu nyekundu mpaka urujuani. Wataalamu wana chombo kifanyacho kazi hiyohiyo kwa makini zaidi, na kazi yake huitwa spektroskopia. Nuru ikichambuliwa namna hiyo huonekana ndani yake mistari myembamba, na kila elementi duniani, kama vile chuma, ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine, kama alama za vidole vya mtu.

Mwaka 1868, jua lilipopatwa huko India, ulionekana pembeni mwa jua mstari wa manjano usiojulikana kuwa ni wa elementi yoyote. Wakasema, hii ni elementi mpya, wakaiita heliamu, yaani ya jua. Watu wengine walicheka. Mwaka 1895 William Ramsay akaipata heliamu hapa hapa duniani, ndani ya jiwe. Moshi ulikuwa moshi kweli.

Mwaka mmoja tu baada ya ule wa 1868, yaani 1869, jua lilipopatwa Marekani, ulionekana katika korona mstari wa kijani usiojulikana. Wakasema vilevile: elementi mpya! Wakaipa jina, koroniamu. Kwa miaka sabini ilitajwa vitabuni, na ilitafutwa isionekane. Mwishowe, kati ya mwaka 1939 na mapema miaka ya 1940, Walter Grotrian wa Ujerumani na Bengt Edlén wa Sweden wakathibitisha kwamba koroniamu haikuwapo kamwe. Mstari ule ni wa chuma, chuma hikihiki cha majembe yetu, ila kimepokonywa elektroni 13, nusu ya zile 26 ilizo nazo kila atomu yake. Na chuma hakipokonywi kiasi hicho ila kwa joto la kutisha. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba korona ina joto la nyuzi milioni na zaidi.

Angalia jinsi mambo mawili yalivyofanana. Jicho lilikuwa lilelile na chombo kilekile. Mstari mpya ulionekana hapa na mstari mpya ukaonekana pale. Hitimisho likawa moja. Katika moja walisema kweli na katika la pili wakakosea. Wala waliokosea hawakuwa waongo. Kosa lao lilikuwa kuufanya mwanya wa elimu yao kuwa kitu, kisha wakakipa kitu hicho jina. Nilipolifahamu hili niliinamisha kichwa. Nami pale Lushoto nilikuwa nimefanya nini? Nilikuwa nimeuchukua mwanya wa elimu, nikauita Mungu.

Tuendelee na joto lenyewe, maana lina mafunzo zaidi. Mwaka 1942 mtaalamu wa Sweden, Hannes Alfvén, alihesabu kwamba ndani ya hewa iliyochemka hata ikawa na umeme, nguvu ya sumaku inaweza kuwa kama uzi wa zeze uliokazwa: ukiguswa hutetemeka, na mtetemo huo husafiri kama wimbi. Jua lina sumaku nyingi, na uso wake huchemka daima kama chungu. Basi mawimbi hayo yalipaswa kuwapo, na huenda ndiyo yanayochukua nguvu kutoka chini na kuipeleka juu koronani. Wengi hawakumwamini kwa miaka, lakini mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobeli. Hata hivyo katika korona yenyewe mawimbi yake yalikuwa bado ni hesabu tu. Ilisemwa "yanapaswa kuwapo", hakuna aliyeweza kusema "yapo."

Yataonekanaje? Nuru ya korona iliyo bora kwa kazi hii ni ile ya urujuanimno, iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani, isiyoonekana kwa macho. Nuru hiyo haifiki chini. Hewa hii hii tunayoivuta huizuia, na ni rehema kwetu kwamba huizuia, kwani ingetuunguza. Hata ungepanda kutoka Lushoto mpaka kilele cha Kilimanjaro, ungekuwa bado chini ya pazia. Hapana budi chombo kiinuliwe juu ya hewa. Na jambo hili pia lina sehemu yake kwetu. Kaskazini ya Malindi, katika bahari ya Ngomeni, Waitalia walisimamisha jukwaa la kurushia roketi liitwalo San Marco. Hapo ndipo kilipotoka, tarehe 12 Desemba 1970, chombo cha kuchunguza mbingu kilichopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Na tarehe 25 Machi 1988 kilirushwa kutoka jukwaa lilelile chombo cha San Marco cha tano, ambacho pamoja na kazi zake nyingine kilipima nuru ya urujuanimno ya jua, mpaka kilipoanguka na kuteketea mwishoni mwa mwaka uleule. Hicho hakikutafuta mawimbi ya korona. Kilipima nguvu ya nuru na athari yake katika hewa ya juu ya dunia. Lakini nilipoisoma habari hii nilifurahi kwamba kazi ya kuichambua nuru isiyoonekana ilifanyika pia kutoka katika pwani yetu.

Namna ya kuyaona mawimbi kwa mistari ya nuru aliieleza Mwalimu vizuri kuliko nitakavyoeleza mimi. Tukiwa njiani basi lilitupita likipiga honi, naye akanishika mkono akasema, "Sikiliza, Sheikh." Lilipokuwa likitujia, sauti ya honi ilikuwa nyembamba, lilipotupita na kwenda zake, sauti ikawa nzito. Dereva hakubadili honi. Ni mwendo uliobadilisha sauti masikioni mwetu. Nuru nayo ni hivyo hivyo. Chuma cha korona kikitujia, mstari wake husogea kidogo kuelekea urujuani. Kikitukimbia, husogea kuelekea nyekundu. Mtu akiutazama mstari mmoja kwa saa nzima, akaona unakwenda huku na kurudi huku kwa vipindi vilivyo sawa, ameliona wimbi, ingawa hakuna kilichosogea machoni pake isipokuwa alama kwenye karatasi.

Na ndivyo walivyofanya. Tarehe 2 Desemba 1995 kilirushwa chombo cha SOHO, kilicho umbali wa kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani kuelekea upande wa jua. Ndani yake mna kipimaji cha nuru ya urujuanimno kiitwacho SUMER. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba kwa kipimaji hicho imeonekana mistari ya chuma kilichopokonywa elektroni 18, katika matao ya korona yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni sita, ikienda na kurudi kwa vipindi vya dakika kadhaa, kisha ikatulia upesi. Kabla ya hapo, tarehe 14 Julai 1998, chombo kingine kilichoitwa TRACE, kilichokuwa kikipiga picha kwa nuru hiyohiyo, kilikuwa kimeliona tao lenye urefu wa kilomita 130,000 likitikiswa na mlipuko uliotokea karibu nalo. Likayumba upande huu na upande huu, mara moja kwa kila dakika nne na kitu, kama uzi uliochezwa ukaachwa. Kutokana na vipindi hivyo wataalamu wakaweza kuikadiria nguvu ya sumaku ya mahali pale ambapo hapana atakayefika na dira mkononi.

Basi mitetemo ipo. Je, ndiyo inayoipasha korona joto? Hapa ndipo nilipojifunza jambo nililokuwa nikilihitaji. Mwaka 2007 kundi la wataalamu, kwa darubini iliyoko New Mexico, Marekani, walitangaza kwamba wameyaona mawimbi ya namna ya Alfvén yakisafiri kila mahali koronani. Watu walikuwa wameyangoja kwa miaka sitini na mitano. Na katika tangazo lilelile waliandika kwamba nguvu ya mawimbi waliyoyaona ni ndogo mno, haitoshi kuipasha korona joto. Hawakulazimishwa kuliandika hilo. Mwaka 2011 mmoja wao, pamoja na wengine, wakitumia chombo kipya chenye macho makali zaidi, waliandika kwamba sasa wameona mawimbi yenye nguvu ya kutosha kwa sehemu tulivu za korona; lakini kwa zile sehemu zenye matao makali, haitoshi. Wapo wanaosema kazi kubwa hufanywa na milipuko midogo isiyohesabika, kama alivyofikiri Eugene Parker mwaka 1988. Chombo kilichopewa jina lake kiliingia ndani ya korona yenyewe kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 2021, na mjadala ungalipo.

Nikamwuliza Mwalimu: "Watu hawa, ambao wengi wao huenda hawasali, wanaogopa kusema 'yapo' kabla ya wakati, na wanaogopa kusema 'yanatosha' pale yasipotosha. Je, mimi ninayesali mara tano, jana nilimwogopa nani?"

Akanyamaza, maana ni mtu wa adabu.

Ushahidi ni amana. Kurani Tukufu inatuamuru kusimamia ushahidi wa kweli ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, na watu hudhani amri hiyo ni kwa ajili ya mahakama na mirathi tu. Lakini anayesimama kuwaambia watu habari za Mungu ni shahidi pia, na mashtaka yake ni makubwa kuliko ya shamba. Akitoa hoja mbovu kwa ajili ya jambo la kweli, siku hoja hiyo itakapovunjika msikilizaji hataivunja hoja peke yake. Ataivunja na imani aliyoijenga juu yake. Hapo ni nani atakayeulizwa?

Tunao mfano ulio juu ya mifano yote. Katika mwaka wa kumi wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume Mtukufu s.a.w., mtoto aliyekuwa hajatimiza miaka miwili. Siku ileile jua likapatwa. Wanaohesabu wanasema ilikuwa tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha mwana wa Mtume. Hebu tafakari, ndugu msomaji. Hakusema yeye; walisema wenyewe. Maneno yale yangewazidishia imani wale waliokuwa dhaifu, na yangemfariji baba aliyetoka kuzika. Kunyamaza tu kungetosha. Lakini yeye, machozi yakiwa bado hayajakauka, aliwasalisha sala ya kupatwa kwa jua, kisha akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Aliikataa dalili iliyokuwa upande wake kwa kuwa haikuwa dalili. Sijui kama iko hoja ya ukweli wake inayonigusa moyo kuliko hiyo.

Nilipofika hapo Mwalimu aliniuliza lile nililokuwa nikilingoja, na nadhani wasomaji wengine wameliuliza tayari: "Lakini, Sheikh, ninyi wenyewe husema kwamba kupatwa kwa mwezi na jua mwaka 1894 ni ushahidi wa Mahdi wenu. Alilolikataza Mtume, ninyi mmelihalalisha?"

Ni haki alijibiwe bila ya kuzungukazunguka. Katika kitabu cha hadithi cha Dar Qutni imepokewa kutoka kwa Imam Muhammad Baqir kwamba kwa Mahdi kuna ishara mbili: mwezi utapatwa katika usiku wa kwanza, na jua katika siku ya katikati, ndani ya mwezi wa Ramadhani, nao usiku wa kwanza katika zile tatu ambazo mwezi huweza kupatwa ni wa 13, na siku ya katikati katika zile tatu za jua ni ya 28. Seyidna Ahmad a.s. alikuwa amekwisha kutangaza madai yake, na watu walikuwa wakimdai ishara hiyo. Ndipo katika Ramadhani ya mwaka 1311 wa Hijra mwezi ukapatwa tarehe 21 Machi 1894, na jua tarehe 6 Aprili. Hatusemi kwamba jua liliona huzuni au furaha kwa ajili ya mtu. Lilipatwa kwa hesabu ileile ambayo hulipata siku zote, na aliyekuwa na kalenda ya wanajimu aliweza kujua kabla. Kupatwa viwili katika Ramadhani moja kumetokea pia katika nyakati nyingine, nasi tukilificha hilo tutakuwa tumerudia kosa langu la Lushoto. Ishara iko katika kutajwa kwa jambo mapema, pamoja na mwezi wake na siku zake, na katika kuwapo kwa mdai aliyekwisha kudai kabla halijatokea. Wapo wanazuoni walioidhoofisha isnadi ya hadithi hiyo. Jibu letu ni kwamba habari ya ghaibu ikitimia kama ilivyonenwa, kutimia kwake ni shahidi kwa msemaji wake. Mwenye kutaka na apime.

Watu wa Madina walikiona kitu kwanza, kisha wakakitafutia maana wanayoipenda. Huku maana ilitangulia, kisha kitu kikaja. Alfvén naye alitangulia kusema, na nuru ikaja nyuma yake baada ya nusu karne. Mfano huu usivutwe mno, kwani yeye alisema kwa hesabu ya kanuni anazozijua, na nabii husema kwa kuambiwa. Lakini katika yote mawili mpokeaji ana haki ileile ya kuuliza: lilisemwa lini, na lilitokea lini?

Lilibaki swali la kwanza, la Mungu atakayeondoka. Seyidna Ahmad a.s. amefundisha mara nyingi kwamba akili ikiutazama mpango wa mbingu na ardhi hufika mpaka kusema kwamba inapasa awepo Muumba. Kusema kwamba yupo ni daraja nyingine, nayo haifikiwi ila Yeye mwenyewe anene. Jana usiku nilikuwa sijafika hata kwenye ile daraja ya kwanza kwa njia ya halali. Utaratibu ndio unaoifikisha akili pale: kwamba chuma cha juani kina mistari ileile ya chuma cha Tanga, kwamba tao la kilomita 130,000 hutii kanuni ya uzi wa zeze. Siku watakapoijua sababu ya joto la korona utaratibu huo utakuwa umeongezeka. Mungu niliyemweka ndani ya kutojua kwetu ndiye atakayeondoka, na aende. Profesa Abdus Salam, ndugu yetu Mwahmadiyya aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1979, katika karamu ya tuzo hiyo alisoma aya za Sura Al-Mulk zinazomtaka mtu ayarudie macho yake mara kwa mara atafute kasoro katika uumbaji, mpaka macho yarudi yamechoka. Hakusoma aya hizo ili kuwazuia watu wasitazame.

"Na ile daraja ya pili?" akauliza Mwalimu. "Huko hakuna SOHO."

Nikamwambia kwamba sisi twasema ipo njia, nayo ni dua, na kwamba twadai Mungu anasema na waja wake leo kama alivyosema jana. Lakini nimekwisha kuchoma vidole vyangu kwa kuwasemea watu yaliyo juu ya kiasi changu, kwa hiyo nikamweleza yaliyonipata mimi mwenyewe katika dua, ambayo ni machache, na nikamwambia ni yapi katika hayo yanayoweza kuelezwa kwa bahati tu. Akasema kwamba hayo machache yamemfaa kuliko hotuba yote ya jana.

Akaandika katika daftari lake tarehe nilizomtajia za mwaka 1894, akasema atazihakikisha mwenyewe. Wiki tatu baadaye nilipata barua yake: tarehe ni sahihi, amezilinganisha na majedwali ya kupatwa kwa jua na mwezi. Kuhusu mengine anasema ameanza kuomba usiku, bila ya kujua bado anamwomba nani kwa jina gani, na kwamba nisimharakishe. Sikumharakisha. Nilimpelekea kitabu alichokitaka, na katika bahasha ileile nikatia barua kwa mwenyeji wangu wa Lushoto, nikamwomba awakusanye wale watu ishirini, kama inawezekana nyumbani kwake palepale, awasomee kwamba hoja niliyoitoa kwa joto la jua nimeiondoa, na sababu zake.